Gari Lililokohoa Njia ya Ukweni

Jumapili, tarehe nane Novemba. Mvua imeanza kabla ya watu kutoka kanisani na mpaka sasa haijaamua kama inaondoka au inalala hapa. Njia ya kushuka barabarani imekuwa uji. Waendesha pikipiki wanapita wakizisukuma, na nimewasikia wakizitukana kwa Kihangaza, lugha ambayo upande wa matusi haijapungukiwa kitu.

Ninyi vijana wa gereji mmeniomba, kupitia kwa Esta mwenzenu, niwaandikie habari za gari linalomisi na taa ya injini inayowaka. Nilikubali, halafu nikajuta. Mimi nimeishia darasa la saba, na huko nako nilikaa karibu na dirisha. Nikishika spana mkono hautetemeki. Nikishika kalamu, kila mstari najiuliza kama ni wangu au nimemsikia mtu akiusema. Basi mkiona nimekosea nirekebisheni, ila msinicheke mbele ya wateja.

Nianze na taa yenyewe, maana watu wengi wanadhani taa ndiyo ugonjwa. Kulikuwa na dereva mmoja pale Biharamulo, mtu mwema sana, aliyebandika stika ya "Mungu ni Mwema" juu ya taa ya injini. Nikamuuliza kwa nini.

"Fundi, ilikuwa inanichoma macho."

"Mtoto wako akilia utamziba mdomo?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Inategemea analia saa ngapi."

Huyo alikuwa hamdanganyi mtu zaidi ya nafsi yake. Wapo wanaouza magari, nao wana ufundi wao. Ukiletewa gari ulikague, usikimbilie kuliwasha. Zungusha ufunguo nusu tu, uone taa za dashibodi. Zote lazima ziwake kwanza, kama wanafunzi wanavyoitika majina asubuhi. Ile ya injini isipoitika, ujue kuna mtu kaing'oa balbu. Na wajanja zaidi hawaing'oi: wanaiunga na taa ya oili, ziwake pamoja na kuzimika pamoja kama mapacha waliovalishwa nguo moja. Ukiona mapacha, fungua dashibodi.

Halafu kuna kuwaka na kuna kupepesa. Taa ikiwaka imetulia, una muda wa kufika gereji na hata kunywa chai njiani. Ikipepesa, punguza mguu, tafuta pa kuegesha. Maana yake petroli inapita bila kuchomeka na inakwenda kuchomekea kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na masega yakiyeyuka mwenye gari atakutafuta wewe, hata kama hukuwepo.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Zakaria, Mhaya, mtu wa kujisikia, na kwa haki niseme alikuwa na kitu cha kujisikia nacho. Hakuwa na mashine yoyote ya kupimia. Alikuwa na kikombe cha chai. Gari likija linamisi, yaani piston moja imelala na nyingine zinavuta mzigo wake, analiacha liwake kidogo tangu likiwa baridi. Kisha anachovya kidole kwenye kikombe na kudondosha tone kwenye bomba la ekzosi pale linapotokea injini, bomba moja baada ya jingine. Penye moto tone linaruka, tsss, limekwenda. Penye piston iliyolala, tone linakaa pale linamtazama. "Huyu hapa mvivu," anasema, anamalizia chai.

Mteja mmoja alimwangalia akifanya hivyo, akavua kofia. Alipoona amemaliza, akamwomba kwa heshima adondoshee na mlango wa nyuma, maana nao ulikuwa mgumu kufunguka. Mzee Zakaria akaudondoshea. Ninaapa mlango ulifunguka. Mpaka leo sijui nifanye nini na habari hiyo.

Miaka ikapita, Mzee Zakaria akarudi kwao kupumzika, mimi nikawa ndiye mzee wa gereji, na akaja Esta kutoka chuo cha ufundi. Alikuja na kidude kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu. Nilikichukia, sina haja ya kuficha. Lakini aliniita, akasema, "Babu, njoo uone. P sifuri tatu sifuri mbili. Hiyo sifuri tatu ni kumisi. Namba ya mwisho ndiyo piston. Ya pili."

"Na ikiwa sifuri sifuri mwishoni?"

"Zinamisi hovyo, haijulikani ipi. Hapo angalia petroli kwanza, au hewa inayoingia pasipotakiwa."

Nikachovya kidole kwenye chai, nikadondosha. Tone likakaa bomba la pili, linanitazama.

Kwa hiyo wanangu, hilo mlishike. Tone la Mzee Zakaria na kidude cha Esta vilikuwa vinasema jambo lile lile: nani amelala. Havikusema nani amemlaza. Kazi ya fundi inaanzia hapo, na hapo ndipo vijana wengi mnapokimbilia duka la spea.

Sasa niwape kisa cha gari la Mzee Masanja, maana lilinifundisha zaidi ya magari yote.

Mzee Masanja ni Msukuma wa Kaniha. Wazazi wake walihamia huko na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga. Alikuwa na kigari cheupe cha Kijapani, cha siti saba, akikitumia kupeleka watu na mizigo mnadani. Kila wiki mnadani, kwenda na kurudi, wala hakikohoi. Kijana wake Maduhu ndiye aliyekuwa dereva. Na huyo Maduhu alikuwa amempata binti wa Kihangaza kutoka Mbuba, anaitwa Editha, fundi cherehani, na baba yake, Mzee Bukuru, alikuwa amekubali kuwapokea wazee wa upande wa mvulana waje wajitambulishe.

Siku ilipangwa. Kule Mbuba wakapika pombe ya mtama, wakaita shangazi na wajomba. Gari likatoka Kaniha vizuri, likapita lami vizuri, likafika kwenye milima ya Ngara likaanza kukohoa. Taa ikapepesa. Likawa linatetemeka kama lina homa. Maduhu akapunguza mwendo, likazidi. Wakageuza. Kule Mbuba watu wakanywa pombe yao wenyewe, na shangazi, naambiwa, akasema maneno.

Likaletwa gereji baada ya siku kadhaa. Halimisi. Linanguruma kama paka. Lakini kidude cha Esta kilikuta kumbukumbu: sifuri tatu sifuri mbili. Tukabadilisha plagi ya pili. Kisha Esta akasema tufanye jambo moja, na hili ni zuri, lishikeni pia. Tukachukua koili ya namba mbili, kile kidude kinachokaa juu ya plagi na kuipa moto, tukaihamishia namba tatu, na ya tatu tukaileta ya pili.

"Likimisi tena," Esta akamwambia Maduhu, "tutaona kosa limekwenda wapi. Likihamia namba tatu, koili ndiyo mgonjwa. Likibaki namba mbili, koili hana hatia."

Siku ya pili ikapangwa. Pombe ikapikwa tena. Milima ile ile, kikohozi kile kile. Wakarudi.

Likaletwa tena, tena halimisi. Esta akachomeka. Namba mbili. Koili tulimhamisha nyumba na kosa halikumfuata.

Mzee Masanja akashuka. Tukamwamkia, shikamoo, marahaba, akaniangalia mimi, siyo gari.

"Fundi, wewe si Mhangaza?"

"Ndiyo mzee."

"Basi niambie ukweli. Gari hili linakwenda mnadani kila wiki na watu mpaka kwenye mapaja. Likitajiwa Mbuba tu linashikwa na kifua. Ndugu zako wamelitega."

"Mzee, ndugu zangu wangejua kutega magari, mimi ningekuwa tajiri."

Hakucheka. Akasema Mzee Bukuru ametuma ujumbe. Atawangoja mara ya tatu, Jumamosi inayokuja. Wasipofika asiulizwe tena, kwa sababu kuna mtu mwingine kutoka Rulenge ameshapiga hodi, na yeye ana miguu tu wala hajawahi kuchelewa. Maduhu alikuwa amesimama pembeni ya gari anafuta kioo ambacho kilikuwa safi. Sikuwahi kumwona kijana mkubwa namna ile akiwa mdogo vile.

"Kabla ya Jumamosi," akasema Mzee Masanja, "nalipeleka kwa mganga. Nimeshapata anayejua mambo ya vyombo vya moto."

Hapo ndipo mkewe, Mama Maduhu, aliyekuwa amekaa ndani ya gari muda wote anamenya karanga, akatoa kichwa dirishani.

"Halijalogwa hilo. Linaogeshwa mno."

"Nyamaza, mama Maduhu."

"Nimenyamaza mara mbili, tumerudi mara mbili." Akanigeukia. "Fundi, siku ya mnada gari hili halipati hata kikombe cha maji. Siku ya kwenda ukweni? Jamani! Anaamka na majogoo. Anachukua ile pampu ya kumwagilia nyanya, anafungua boneti, anaosha mpaka tumboni. Mimi tangu nimeolewa hajawahi kunimwagia hata beseni."

"Utakwendaje kwa wakwe na gari chafu?" Mzee Masanja akauliza, na aliuliza kwa dhati. "Unamwogesha ng'ombe wa mahari, seuze gari?"

Mimi na Esta tukatazamana. Tukafungua boneti.

Injini ile ilikuwa na kifuniko cha plastiki juu, kimevunjika kona, kimefungwa kwa waya. Chini ya vifuniko vya namna hiyo huwa kuna sponji ya kupunguza kelele. Esta akakitoa, akaikamua sponji. Maji yakamwagika kwenye viatu vyake, na lilikuwa limeoshwa siku nyingi zilizopita! Akachomoa koili ya pili. Ndani ya shimo la plagi kulikuwa na duara la kutu, kama alama inayobaki kwenye sufuria maji yakikaukia humo.

Ikawa wazi. Mzee anaosha, sponji inakunywa. Barabara ya tambarare, maji yanatulia humo. Mlima ukianza, gari linainua pua, maji yanateremka kwenye ile kona iliyovunjika na kudondokea shimo la namba mbili. Moto unakimbilia kwenye maji badala ya plagi. Wakigeuza na kulala nyumbani, joto la injini linakausha, asubuhi limepona. Tukaijaribu pale pale: tukailowanisha sponji, tukairudisha, Maduhu akapandisha gari kwenye tuta la nyuma ya gereji. Likakohoa hata Mzee Masanja akasema pole.

Sasa nani aliligundua? Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu kule gereji mnanipa sifa isiyo yangu. Kidude kilisema namba mbili. Esta alimtoa koili hatiani. Mimi nilishika taa. Aliyegundua ni Mama Maduhu na karanga zake. Ndiyo maana nawaambia, mteja akija na mke wake, mwulizeni mke. Na msiulize tu "linafanyaje?" Ulizeni, "siku linapofanya hivyo, mmelifanyia nini ambacho siku nyingine hamlifanyii?"

Tukakitupa kile kifuniko na sponji yake. Kipya kiliagizwa, kisingefika kabla ya Jumamosi. Koili zikabaki wazi, vichwa nje. Nikamwambia Mzee Masanja, "Linakwenda. Sharti moja: lisiguswe na maji. Hata tone."

"Niende kwa wakwe na vumbi?"

"Uende na vumbi, au usiende na usafi."

Kwa mtu mwingine hili lingekuwa jambo dogo. Kwa Mzee Masanja ilikuwa kama nimemwambia aende bila shati. Mwishowe akakubali, lakini na yeye akatoa sharti: niende naye. Gari likikohoa niwe karibu, na Wahangaza wakisema jambo pembeni nimtafsirie.

Jumamosi tukaondoka. Mzee Masanja mbele kwa suti, Maduhu kwenye usukani, mimi na Mama Maduhu nyuma. Milima ikaja, gari likapanda kimya. Nadhani sote tulikuwa tunalisikiliza kwa masikio ya Mzee Zakaria. Tukafika Mbuba na gari jekundu kwa vumbi, utadhani limechimbwa.

Tukapokelewa vizuri. Chungu cha pombe ya mtama kikaletwa na mirija mirefu, wazee wakakizunguka. Mzee Bukuru ni mtu mwembamba, anayezungumza polepole ili umalize hasira yako kabla hajamaliza sentensi. Akakaribisha, akashukuru, akasema binti wameona anataka, wao hawana neno. Ila kuna jambo dogo.

"Mlituambia mnakuja, hamkuja. Tukasema safari ina mambo. Mkatuambia tena, hamkuja. Pombe ikaharibika, na watu wakatucheka. Kwetu hapa, mtu akivunja miadi ya ukweni analipa mbuzi. Mmoja tu."

Mbuzi kwa Mzee Masanja si kitu. Ana ng'ombe wasiojua majina yao. Lakini hakuja kuitwa mkosaji.

"Mimi sikuvunja miadi. Gari lilivunja. Mbuzi huyo mkamdai gari."

"Gari halina mdomo."

"Basi lina taa. Mwulizeni fundi."

Wote wakaniangalia. Mimi nikaangalia mrija wangu. Nikasema kweli gari liliumwa. Mzee Bukuru akauliza liliumwa nini, nikasema lilinyweshwa maji. Akauliza na nani. Nikanywa kwanza. Nikasema, "Na heshima, mzee." Wakaona nakwepa, na kwa haki nilikuwa nakwepa.

Maneno yakaanza kupanda. Mjomba mmoja akasema Wasukuma wakiwa na ng'ombe wengi wanasahau kuwa na adabu. Sikuitafsiri, lakini Mzee Masanja aliisoma kwenye uso wangu. Akasimama, akachukua kofia.

"Maduhu, washa gari."

"Baba..."

"Nimesema washa."

Maduhu akasimama. Nilimwona akimtafuta Editha kwa macho na hakumwona. Nikajua akishafika kwenye usukani yamekwisha, kwa sababu wazee wawili wenye kiburi hawapatanishwi kwa simu.

Tukatoka nje, sote, wenyeji nyuma yetu. Na pale uani tukakuta gari linang'aa. Jeupe kama yai. Boneti iko wazi, na Editha, mikono imekunjwa mpaka juu ya kiwiko, kanga imefungwa kiunoni, anainua ndoo ya mwisho na kuimwaga katikati ya injini, taratibu, kwa mapenzi, huku akisugua kwa brashi.

Nilitoa sauti. Sijui ilikuwa neno gani.

Editha akageuka, akapiga goti kwa Mzee Masanja. "Shikamoo baba. Samahani, bado sijamaliza. Maduhu alinieleza kwamba wewe unapokwenda kwa watu unaosha mpaka injini. Nikaona wageni hawawezi kurudi na vumbi letu."

Maduhu alishaingia, hajui lolote, akawasha. Injini ikashika, ikakohoa, ikatikisika yote kama mbuzi aliyenyeshewa, ikazima. Taa ikabaki imewaka. Akajaribu tena. Ikakohoa mara moja, kwa ajili ya adabu tu, ikanyamaza.

Mzee Masanja alisogea mpaka kwenye boneti, akachungulia. Akapitisha kidole pembeni ya betri, mahali ambapo hata mimi sijawahi kuona mtu akipaosha. Akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

"Kaosha mpaka chini ya betri," akasema, kwa sauti ndogo. Akamtazama mkewe. "Umeona? Mpaka chini ya betri."

"Nimeona," akasema Mama Maduhu. "Mmepatana wagonjwa wawili."

Mimi nilikuwa na kitambaa kikavu mfukoni. Vijana, maji yakiingia mashimo ya plagi si msiba: toa koili, nyonya maji kwa kitambaa, pulizia, pangusa koili, rudisha. Kabla chai haijapoa gari limewaka. Nikakitoa kitambaa. Mama Maduhu akasogea, akakichukua mkononi mwangu kama anaazima, akajifutia uso, akakitia kifuani.

"Fundi, hilo gari si litakauka lenyewe?"

"Likiachwa, mama, litakauka."

"Lini?"

"Lenyewe? Na jua la jioni hili? Kesho asubuhi."

Mzee Masanja akageuka. "Amesema lini?"

"Likikauka lenyewe, mzee, kesho," nikarudia. Hakuna neno la uongo hapo, na mmoja wenu akilipata anionyeshe.

Sasa ikawa zamu ya Mzee Bukuru kutafuta pa kuweka macho. Wageni wake wanataka kuondoka, na nyumba yake ndiyo imewazuia. Mzee Masanja akaliona hilo, akavaa kofia yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Kaniha.

"Mzee mwenzangu, mimi kesho alfajiri nilikuwa na miadi na ng'ombe zangu. Nimezivunjia. Kwenu hapa, anayemvunjia mtu miadi analipa nini?"

Kisha yule mjomba wa maneno akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Mzee Bukuru akanigeukia. "Fundi, sema sasa bila kukwepa. Zile safari mbili, ni nini kililiangusha gari?"

Nikasema. Pampu ya nyanya, sponji, mlima, yote. Nikasema mzee aliliosha gari kwa ajili yenu, na binti ameliosha kwa ajili yake, na ugonjwa ni mmoja. Nikaongeza kwamba kwa haki, kama kuna mbuzi, ni wawili.

Ndivyo ilivyoamuliwa. Mzee Masanja akatoa mbuzi, Mzee Bukuru akatoa mbuzi, wakabadilishana, kila mmoja akampokea wa mwenzake kwa mikono miwili na maneno mengi. Siku hiyo wa Masanja alikuwa wa maneno tu; mwenyewe aliletwa wiki iliyofuata, ndani ya gari lile lile. Tukarudi kwenye chungu. Mazungumzo ya mahari, ambayo yangechukua vikao vitatu, yalikwisha kabla ya giza, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mahali pa kwenda. Tulilala Mbuba. Asubuhi Maduhu alizungusha ufunguo, gari likawaka mara moja, na Editha akaja na kitambaa kikavu kufuta vioo. Kikavu. Nilikuwa nimemfundisha.

Walioana mwaka ule ule. Wako Kaniha, cherehani iko barazani, na gari lina kifuniko kipya. Mzee Masanja bado analiosha, lakini injini anaipangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kipande kwa kipande, na mkwe wake anasimama upande wa pili anamwonyesha palipobaki. Mama Maduhu anasema ni bora wangeendelea na pampu, ingekuwa haraka.

Nimesoma nilichoandika na sijui kama nimejibu mlichouliza. Nadhani mlitaka orodha ya kodi, zile namba zinazosomwa na kidude. Hizo anazo Esta kwenye simu, mwombeni.

Mvua bado. Jioni hii tunakula ndizi za kupika na maharage, na dagaa kidogo. Niliachiwa chungu nikiangalie wakati naandika. Mke wangu anasema maharage yameungua. Nimeyaonja mara mbili ili nisimwonee mtu, na kweli, yameungua.